Amplifaya ndogo ya zamani ya gitaa: soma dalili kabla ya kutoa pesa

Amplifaya ya valvu (vikopo vya kioo vinavyokuza sauti vikipata joto) iliyotengenezwa mwaka 1958 au 1972 na kuuzwa leo bila ubovu wowote ni ya kutafutwa kwa tochi. Nyingi huvuma, hukwaruza, hufifia, au muuzaji anaapa kwamba "ilikuwa nzima mara ya mwisho ilipowashwa". Kwa hiyo usipoteze muda kuuliza kama ina ubovu. Uliza ni ubovu gani, na unatibiwa kwa kipande kipi. Mvumo na mikwaruzo humfukuza mnunuzi mgeni, lakini ndio ubovu wa bei ndogo kuliko wote: hutokana na vipande vidogo vinavyopatikana hadi leo. Ubovu wa kukutia hasara hujulikana kwa joto, moshi na harufu, kwa sababu huo hula transfoma, na transfoma mbili, ya umeme na ya sauti, pamoja na spika ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya thamani.

Kipimo chetu hapa ni Fender Champ, kwa kuwa amplifaya nyingi ndogo hufanana nayo kwa mpangilio. Ile ya mzunguko wa 5F1, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ina valvu tatu tu: 12AX7 ya kukuza sauti ya gitaa, 6V6GT ya kusukuma spika, na 5Y3GT ya kugeuza umeme. Hutoa wati 5 hivi kwenye spika ya inchi 8. Champ za uso mweusi zilikuja 1964, na za uso wa fedha ziliendelea kutengenezwa hadi 1982. Maelezo mengi yanafaa pia kwa Vibro Champ, kwa Vox AC4 ya Uingereza, na kwa Supro, Silvertone, Harmony na Kay za Marekani.

Vya kubeba ukienda kukagua

Maltimita, tochi, gitaa na waya unaojua ni mzima, betri ya volti 1.5, na kijiti cha mshikaki cha mianzi. Kijiti hicho ni kifaa muhimu: hakipitishi umeme, na utagongea valvu na viungo bila kuogopa. Ongeza balbu ya uzi ya volti 240, wati 60, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye soketi ya kurefusha (LED haifai kwa kazi hii). Umeme ukipita kwanza kwenye balbu, shoti yoyote ndani ya amplifaya itawasha balbu badala ya kuchoma transfoma.

Onyo moja kabla ya yote. Ndani ya chasi, yaani sanduku la chuma linalobeba vipande vyote, kuna umeme wa DC wa volti 340 hadi 400, na kapasita huweza kuushikilia hata plagi ikiwa imechomolewa. Kipimo chochote kinachohitaji kufungua chasi ni cha mtu aliyezoea umeme wa aina hiyo: mkono mmoja mfukoni, na kapasita zimetolewa chaji kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 hadi maltimita isome chini ya volti 10. Fundi anayefaa ni yule aliyetengeneza redio za valvu au televisheni za kioo kikubwa. Fundi wa simu, hata awe hodari vipi, hajazoea volti 400.

Kabla ya kuwasha: volti, hezi na plagi

Geuza amplifaya usome mgongo wake. Champ iliyouzwa Marekani huandikwa volti 117, mizunguko 60, yaani hezi 60. Kenya na Uganda umeme ni volti 240, Tanzania 230, kote kwa hezi 50. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja unaua transfoma kwa sekunde chache. Amplifaya za Uingereza zilizokusudiwa volti 240 ndizo rahisi zaidi kwetu, ila nyingi zina kichagua volti nyuma. Hakikisha hakijaachwa kwenye 110.

Kwa ya Marekani utahitaji transfoma ya kushushia. Champ hula wati 40 hadi 50, basi ya wati 100 inatosha na ya 200 hufanya kazi bila kuchoka. Pima inachotoa wakati amplifaya imewashwa. Mtaa wenu ukipata volti 250, kifaa cha 240 kwenda 120 kitatoa 125, na volti zote za ndani zitapanda kwa kiwango hichohicho. Umeme wa hita za valvu unatakiwa kuwa 6.3, na kati ya 5.7 na 6.9 unavumilika.

Hezi husahaulika. Transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 ikilishwa hezi 50 kwa volti ileile, sumaku ndani ya chuma chake huongezeka kwa asilimia 20. Baadhi ziliachiwa nafasi ya kutosha, nyingine hazikuachiwa. Ndiyo maana jaribio la joto lifanywe kwa umeme utakaoutumia nyumbani: transfoma iliyokuwa vuguvugu Chicago inaweza kuchemka Mombasa. Ikichemka, kuilisha volti 108 hadi 110 hupunguza mzigo bila kuua sauti. Dawa ya kudumu ni kufunga transfoma mpya ya volti 240, hezi 50, na kuihifadhi ya asili kwenye boksi.

Sasa plagi. Pini mbili bila ethi maana yake bado imefungwa kama ilivyotoka kiwandani, na hilo peke yake si sababu ya kukimbia. Ni kazi ya chini ya saa moja kwa fundi: waya wa nyaya tatu, ethi kwenye boliti yake yenyewe ya chasi, waya wa moto uende kwanza kwenye fyuzi ndipo swichi. Wakati huohuo iondolewe kapasita ya mikrofaradi 0.05 hivi, volti 600, inayotoka kwenye waya wa umeme kwenda kwenye chasi. Amplifaya nyingi za Marekani za enzi hizo zinayo. Ikipata shoti, chasi nzima hupata umeme wa ukutani, na nyuzi za gitaa lako pia.

Angalia rangi kwa makini. Waya mweusi wa Marekani ndio wa moto, mweupe ni nyutro, kijani ni ethi. Kwenye amplifaya ya zamani ya Uingereza mwekundu ndio wa moto na mweusi ni nyutro. Waya mpya utakaonunua dukani una kahawia wa moto, bluu wa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano wa ethi. Plagi ya pini tatu za mraba ina fyuzi ndani yake. Weka ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja nayo.

Dalili: nyepesi kupita kiasi, na hakuna transfoma ya umeme

Baadhi ya amplifaya za bei nafuu za Marekani na Japani hazikuwa na transfoma ya umeme kabisa. Hita za valvu zilipangwa mfululizo, zikalishwa umeme wa ukutani moja kwa moja, na upande mmoja wa umeme huo ukaungwa na chasi au na waya wa gitaa.

Huhitaji kufungua kitu ili kuzitambua. Soma namba za valvu: tarakimu za mwanzo za majina ya Marekani hueleza volti ya hita. Ukikuta 50C5, 35W4 na 12AU6, jumlisha: 50 na 35 na 12 ni 97, rezista inamalizia hadi 117. Kundi la 50L6 na 35Z5 ni vilevile. Champ kwa upande wake ina 6V6 na 5Y3, yaani volti 6 na 5, ambazo haziwezi kupatikana bila transfoma.

Usichomeke gitaa kwenye amplifaya hiyo. Transfoma ya kushusha ya bei ndogo haikuokoi, kwa kuwa nyingi zina koili moja tu na hazitenganishi umeme wa ukutani na wa amplifaya. Kinachotakiwa ni transfoma ya kutenganisha, yenye koili mbili zisizogusana, ya 240 kwenda 120, wati 100, ikifungwa kabisa ndani ya boksi pamoja na ethi ya chasi. Kama hujajua fundi wa kazi hiyo, iache, hata ukiuziwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Dalili: ukigusa nyuzi, umeme unakuchoma

Simama hapohapo, chomoa. Sababu ya kawaida zaidi ni plagi ya pini mbili pamoja na kapasita tuliyoitaja juu. Inafuata soketi ya nyumba isiyo na ethi, halafu waya wa moto na nyutro vilivyobadilishana, na mwisho kabisa insulesheni ya transfoma iliyokufa. Amplifaya ikiwa imechomolewa, pima omu kati ya kila pini ya umeme na chasi, swichi ikiwa imewashwa. Maltimita ikisoma chini ya megaomu 1, usiwashe tena hadi fundi aione. Maneno ya "geuza plagi tu, itaacha" hayatibu chochote, yanahamisha hatari tu.

Dalili: haiwaki kabisa

Anza na soketi, transfoma ya kushushia, kisha fyuzi. Fyuzi ipime kwa omu. Kuitazama kwa macho hudanganya. Kama taa ndogo ya mbele haiwaki lakini valvu zina mwanga mwekundu hafifu, basi taa hiyo ndiyo iliyokufa, namba 47, ya kubadilisha kwa mkono.

Kwenye Champ za tweed (zile za miaka ya 1950 zilizovikwa kitambaa, kama 5F1) swichi ya umeme iko ndani ya volyumu yenyewe, na swichi hizo huchoka. Ukisikia haina mlio ikizungushwa, volyumu nzima ya megaomu 1 yenye swichi itabadilishwa. Ubaya zaidi ni koili ya transfoma iliyokatika: pima omu kwenye pini za plagi, swichi ikiwa imewashwa na fyuzi nzima. Ukipata omu chache hadi makumi, koili ipo. Ukipata mkatiko, na waya na swichi ni vizima, unanunua amplifaya inayohitaji transfoma. Kata bei kwa kiasi cha transfoma mpya na ujira wa kuifunga, au agana na muuzaji.

Dalili: fyuzi inakatika, au balbu ya mfululizo inawaka kwa nguvu

Kwanza jaribu balbu na transfoma ya kushushia peke yake, ili ujue mwanga wake wa kawaida. Kisha washa amplifaya. Balbu inapaswa kung'aa mara moja na kufifia. Ikibaki na mwanga mkali, zima uanze kuchomoa valvu kwa utaratibu huu, ukiacha zipoe kabla ya kugusa:

1. Toa 5Y3. Balbu ikififia, tatizo liko baada yake au ni yenyewe. Jaribu 5Y3 nyingine nzima.
2. Ikiwa 5Y3 nzima inarudisha mwanga mkali, toa 6V6. Mwanga ukififia, 6V6 ina shoti. Hii ni ya kubadilisha tu.
3. Mwanga ukibaki mkali bila 6V6, kapasita za kuchuja, zile zinazolainisha umeme, zina shoti. Hili ni la kawaida sana na halipunguzi thamani.
4. Valvu zote zikiwa nje na balbu bado inawaka kwa nguvu, basi ni transfoma ya umeme au waya uliogusana. Huu ndio mwisho wa ukaguzi wako. Bei ishuke sana au uondoke.

Mtu aliyeweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa mgongoni, au aliyeizungushia karatasi ya fedha ya sigara, amekwisha kukuambia historia ya amplifaya hiyo. Nusa transfoma kabla ya kusema lolote.

Valvu ya 5U4 kwenye soketi ya 5Y3 ni dalili nyingine ya kutazama. Inaingia vizuri, lakini hita yake inataka ampea 3 wakati transfoma imepangiwa ampea 2. Inafanya kazi leo, transfoma inaiva polepole.

Dalili: valvu zinawaka, sauti hakuna

Hakikisha spika imeunganishwa kabla hujaongeza volyumu. Amplifaya ya valvu isiyo na spika inaweza kuchoma transfoma ya sauti kwa cheche.

Zima, kisha gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika kwa sekunde moja. Inapaswa kutoa mlio wa "tak" na koni isogee. Spika ya omu 4 husoma karibu omu 3 kwenye maltimita. Mkatiko unamaanisha koili ya spika imekatika, na spika asilia ikibadilishwa, thamani inashuka ingawa sauti inarudi.

Spika ikiwa nzima, jaribu jeki ya pili. Jeki za kuingizia gitaa zina kigusio kinachofunga sauti kwenye chasi wakati hakuna waya. Kikipinda au kikipata kutu, sauti yako yote inaishia hapo. Kisha badilisha 12AX7. Kama bado kimya kabisa, hata mvumo mdogo hausikiki, tazama 6V6 gizani. Nyaya nyembamba za gridi ya skrini ndani ya valvu zikiwa zinang'aa nyekundu ilhali bati la nje ni jeusi, basi bati hilo halipati umeme: koili ya kwanza ya transfoma ya sauti imekatika. Zima upesi. Fundi atathibitisha kwa omu: koili nzima husoma omu mia mbili hadi mia tano hivi.

Dalili: mvumo

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukimbia bila sababu. Champ ina valvu moja ya mwisho, haina jozi ya kufutiana mvumo kama amplifaya kubwa, kwa hiyo mvumo kidogo ni asili yake. Ukiusikia ukiwa umesogeza sikio karibu na spika tu, achana nao. Ukisikika chumba kizima, endelea.

Chomoa gitaa, shusha volyumu hadi sifuri. Mvumo ukitoweka, tatizo liko mwanzoni: waya wa gitaa, jeki, au 12AX7. Badilisha 12AX7 kwanza, ni dakika moja. Mvumo ukibaki, chomoa 12AX7 kabisa. Ukiendelea bila kubadilika, chanzo ni kapasita za kuchuja au 6V6.

Sauti ya mvumo yenyewe inasema mengi, na programu ya simu ya kuonyesha masafa itakusaidia. Kwa umeme wetu, mvumo mkali kama wa nyuki kwenye hezi 100 hutoka kwenye kapasita za kuchuja zilizokauka. Mvumo mzito, laini, kwenye hezi 50 hutoka kwenye hita, kwenye sumaku ya transfoma ya umeme inayoambukiza ya sauti, au kwenye ethi iliyolegea.

Kapasita za kuchuja ndizo za kwanza kwenye orodha, na kwenye Champ ya tweed ni tatu: mikrofaradi 16, 8 na 8, volti 450. Mpya zinazofaa ni 22 (au 16), 10 na 10, za volti 500. Usimruhusu fundi aweke 47 au 100 mahali pa kwanza "ili mvumo uishe kabisa". 5Y3 haikukusudiwa kujaza kapasita zaidi ya mikrofaradi 20 hivi, na mkondo wa kuanzia utaifupishia maisha. Kapasita za asili, mara nyingi Astron kwenye Champ za miaka ya 1950, zitolewe na kutiwa kwenye mfuko pamoja na amplifaya. Mkusanyaji atazitaka siku ukiuza. Kwenye amplifaya zenye kapasita za kopo moja kubwa juu ya chasi, kopo linaweza kubaki kwa ajili ya sura, lakini nyaya zake zikatwe. Kuongeza mpya sambamba na iliyokufa ni uvivu.

Kapasita yenye umri wa zaidi ya miaka 30 ihesabu imekufa hata kama mvumo haupo. Hili ni muhimu kwa amplifaya iliyokaa stoo miaka mingi: usimruhusu muuzaji kuiwasha moja kwa moja kukuonyesha. Tumia balbu. Kupandisha volti kidogokidogo kwa kifaa cha kuzungusha hakusaidii sana hapa, kwa kuwa 5Y3 haipitishi umeme hadi hita yake ipate joto.

Mvumo wa hita una dawa nyepesi: rezista mbili za omu 100, nusu wati, kila moja kutoka upande mmoja wa hita kwenda kwenye chasi. Kwenye baadhi ya amplifaya ndogo upande mmoja wa hita uliungwa moja kwa moja kwenye chasi. Muungano huo utolewe kwanza, la sivyo rezista hizo hazitasaidia kitu.

Dalili: mikwaruzo, mlio wa kupasuka

Zungusha volyumu. Ikikwaruza wakati wa kuzungushwa tu, ni vumbi. Spreyi ya kusafishia vigusio, kuzungusha mara ishirini, imekwisha. WD-40 ya kawaida isitumike.

Ikikwaruza yenyewe, gonga kila valvu polepole kwa kijiti cha mshikaki. Inayotoa mlio kama kengele kwenye spika ndiyo yenye kasoro. Tikisa valvu kwenye soketi: kama sauti inakatika na kurudi, vigusio vya soketi vimelegea na fundi ataviminya. Mlio kama wa mahindi yanayokaangwa, unaoendelea hata valvu mpya ikiwekwa, hutoka kwenye rezista za kiloomu 100 zinazolisha 12AX7. Kipande cha bei ya chini kabisa, ila kulehemu ndani ya chasi ni kazi ya fundi. Hakuna kati ya haya linalostahili kukuzuia kununua, na yote yanastahili kutajwa wakati wa kupatana bei.

Dalili: sauti dhaifu, au imevunjika hata volyumu ikiwa chini

Valvu zilizochoka ndizo za kwanza. Kisha spika: sukuma koni polepole kwa vidole vilivyopangwa kuzunguka kitovu, ikikwaruza, koili inagusa sumaku. Mpasuko mdogo wa karatasi hutibika kwa gundi na karatasi nyembamba. Koili inayokwaruza ni kazi ya kufunga koni upya.

Spika ikiwa nzima, ndani kuna wahalifu wawili. Kapasita ya mikrofaradi 25, volti 25, iliyo sambamba na rezista ya omu 470 ya 6V6, ikikauka sauti hukosa nguvu. Na kapasita ya 0.02 inayopeleka sauti kwenye 6V6 ikivuja, sauti huvunjika. Fundi apime pini namba 5 ya 6V6 dhidi ya chasi: isomeke sifuri. Ikisoma volti moja au zaidi ya chanya, atoe 6V6 kwa muda mfupi na kupima tena. Volti ikibaki, kapasita inavuja. Ikipotea, valvu ndiyo mbovu.

Dalili: bati la 6V6 linakuwa jekundu

Zima sasa, si baada ya wimbo kuisha. Sababu kwa mpangilio: valvu yenyewe, kapasita ya 0.02 inayovuja, kapasita ya 25 yenye shoti, rezista ya kiloomu 220 ya gridi iliyokatika.

Baada ya matengenezo, mwambie fundi akuonyeshe hesabu. Volti ya pini 8 igawanywe kwa 470. Ikiwa volti 19, mkondo ni miliampea 40. Volti ya pini 3 ikiwa 340, ondoa 19, zidisha kwa 0.040: karibu wati 13, na sehemu ndogo ya hizo ni ya skrini. 6V6GT imepangiwa wati 12 hadi 14. Ukikuta 17, kuna jambo, na mara nyingi jambo hilo ni volti ya ukutani iliyo juu, au 5Y3 mpya ambayo haishushi volti kama za zamani.

Dalili: transfoma ya umeme inanuka, inatoa nta, au haishikiki

Piga gitaa kwa nusu saa, zima, chomoa, kisha weka kiganja juu ya transfoma ukikwepa valvu. Ukiweza kukiweka sekunde tano, sawa. Usipoweza, toa valvu zote uiache kwa balbu nusu saa nyingine. Ikiendelea kuchemka bila valvu, koili zake zimegusana ndani na hakuna dawa ila kubadilisha. Ikipoa, kuna kitu kinachoivuta kupita kiasi, na urudi kwenye kipengele cha bati jekundu. Nta iliyokauka zamani pembeni mwa transfoma si hukumu ya kifo. Nta mbichi yenye harufu kali ni.

Dalili: mtetemo wa Vibro Champ haufanyi kazi

Badilisha 12AX7 ya pili. Ikishindikana, kapasita ndogo za kitengo hicho zimechoka. Kazi ndogo.

Haina dalili yoyote

Basi soma namba. Transfoma za Fender za miaka ya 1960 huanza na 606, namba ya kiwanda cha Schumacher. Tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki, kwa hiyo 606-538 ni wiki ya 38 ya 1965. Spika zina mtindo huohuo: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 137 ni CTS. Karatasi ya valvu ndani ya boksi inaweza kuwa na herufi mbili za muhuri: ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1951, ya pili mwezi, OH ni Agosti 1965. Tarehe zikitofautiana kwa miezi, ni kawaida. Transfoma ya 1978 ndani ya boksi la 1959 ilipe kwa bei ya amplifaya iliyotengenezwa, si ya mkusanyaji. Kapasita mpya na waya wa pini tatu havipunguzi thamani. Matundu mapya kwenye chasi na boksi lililopakwa rangi upya hupunguza.

Kama ndugu aliyeko Marekani ndiye anayekununulia, mwombe picha za vitu hivi kabla ya pesa kutoka: mgongo wote, ndani ya chasi, namba za transfoma na spika, na video ya dakika mbili volyumu ikipandishwa kutoka sifuri. Wakati wa kufunga mzigo valvu zitolewe, kila moja izungushiwe karatasi yenye mapovu na kuandikwa namba ya soketi yake, na nafasi kati ya transfoma na spika ijazwe sponji, kwa sababu transfoma ikilegea njiani hupiga koni ya spika kwanza.